Nyekundu Ndiyo Baridi

Walikutana kituo cha mafuta, saa ile ambayo mji mzima unataka kufika nyumbani kwa pamoja. Gari la msusi mmoja wa nywele, la zamani, rangi ya maziwa, lilizimika katikati ya foleni, na honi zikaanza kumtukana kutoka nyuma. Akashuka na gauni lake la njano, mikono kiunoni, tayari kurudisha matusi. Badala yake alimkuta kijana mrefu mwenye bisibisi nyuma ya sikio.

"Dada, usigombane nao. Fungua boneti kwanza, ugomvi tutaumalizia baadaye."

"Na wewe ndiye nani?"

"Wananiita Bisibisi. Mama yangu alinipa jina zuri zaidi, lakini hilo utaambiwa tukizoeana."

Ulikuwa ni waya wa betri uliolegea, basi. Lakini wakazoeana. Haukupita muda mrefu msusi akawa anasuka huku simu kaibana begani, "kata wewe", "aa, kata wewe kwanza, mpenzi", na wateja wakirudi nyumbani na mistari iliyokwenda upande.

Gari lile aliachiwa na baba yake, mwalimu wa hesabu, Mungu amrehemu. Sasa aliyebaki ni mama. Msusi alikwisha kuapa: mama akimkataa Bisibisi, hakuna ndoa. Mzazi ndiye huyo mmoja, na hakuwa tayari kuanza maisha kwa kumliza. Ndiyo maana usiku wa kuamkia Jumapili ile, waliyoalikwa chakula cha mchana kwa dada yake Bisibisi ili mama amwone mkwe, hakulala vizuri.

Bisibisi alipiga simu asubuhi. Gari lilikuwa gereji kwake tangu jana, kwa ajili ya breki, na kijana wake wa kazi alikuwa ameshalirudisha.

"Breki tayari, malkia. Na kuna kitu kingine nimekufanyia."

"Kitu gani? Sema!"

"Ngoja mfike. Nataka niuone uso wako."

Mvua ilikuwa inanyesha. Mama alikaa nyuma na gauni la zambarau lililopigwa pasi mpaka likang'aa, akisema viatu vinambana. Vioo vilifungwa, vikaingia ukungu, msusi akawasha feni. Foleni haisogei.

"Mwanangu, mbona hewa nzito humu?"

Msusi akatazama kishikio cha hita. Kilikuwa kwenye buluu. Ala! Akakisukuma kwenye nyekundu. Katika gari lile nyekundu ndiyo baridi na buluu ndiyo moto. Ndivyo lilivyokuwa tangu akiwa mdogo, na alishaacha kushangaa.

Hewa ikatoka ya moto. Akakisukuma mpaka mwisho. Ikatoka ya moto zaidi, inachoma miguu. Buluu hakuthubutu kuigusa, kwa kuwa huko ndiko anakojua kuna moto wenyewe. Jasho lilimtiririka mpaka machoni. Nyuma kukasikika kishindo kidogo: kichwa cha mama kimeangukia kioo.

"Mama? Mama!"

Kwa bahati zahanati ilikuwa ng'ambo ya barabara. Daktari akasema ni presha na joto, atazinduka, apumzike. Msusi alikuwa bado anampepea mama simu ilipoita.

"Mko wapi, mpenzi? Chakula kinapoa."

"Umelifanya nini gari langu? Hita imeharibika, mama amezimia!"

"Amezimia? Haiwezekani! Hita yenyewe jana nime..."

"Usinipigie tena. Mimi na wewe basi!"

Bisibisi alikuja hivyo hivyo. Hakuambiwa wako wapi, maana msusi alikwisha kata simu; akaifuata tu njia ya kwao. Gari lenyewe ndilo alilolitambua barabarani. Shati jeupe limelowa na kumganda mwilini. Msusi akatoka kumfukuza, akamkuta ameshafungua boneti na injini inanguruma.

"Nitukane baadaye. Kaa kwenye usukani, weka baridi."

Msusi akasukuma kishikio. Bisibisi akaushika mpira wa maji unaoingia kwenye hita, akaurudisha mkono upesi.

"Moto huu! Nimesema baridi!"

"Si nimeweka baridi!"

"Umeweka wapi?"

"Nyekundu!"

Bisibisi akainua kichwa taratibu, mvua ikimwingia mdomoni.

"Nyekundu ndiyo baridi?"

"Kwenye gari hili ndiyo. Hujui?"

"Waya wa vali, ile inayofungulia hita maji ya moto, ulikuwa umefungwa kinyume," alisema kwa sauti ndogo. "Jana nikaugeuza ukae sawa. Hiyo ndiyo zawadi niliyosema."

Msusi alihisi moyo umempasuka. "Baba ndiye aliufunga vile. Kwa mkono wake. Umeifungua kazi ya baba yangu bila kuniuliza?"

Akaanza kulia. Hapo mlangoni mwa zahanati ikatoka sauti.

"Kazi gani? Baba yako alikosea."

Alikuwa mama, miguu mitupu, kaushikilia mkono wa nesi.

"Alikosea siku ile ile alipoufunga waya huo. Nikamwambia. Akasema mimi ndiye sijui rangi. Basi tukaishi hivyo, nyumba nzima tunaita moto baridi, ili mwalimu asikosolewe."

"Mama! Baba?"

"Huyo huyo." Akamgeukia Bisibisi. "Na wewe, kijana, una la kusema?"

Bisibisi alifuta uso kwa kiganja chenye grisi, akauchafua zaidi.

"Nimekosea, mama. Ilinipasa niulize kabla sijagusa, na nilipogusa niseme. Nusura nikuue. Nisamehe."

Mama alimtazama. Kisha machozi yakamtoka. Msusi akaruka kutoka garini.

"Mama, unaumwa wapi?"

"Siumwi." Alijifuta kwa ukingo wa gauni lake la zambarau. "Ndoa yangu nzima nimelingoja neno hilo, 'nimekosea', kutoka kwa mwanamume. Leo nimelisikia kwa mtu ambaye hata jina lake silijui. Mwanangu, muulize jina, halafu uolewe upesi."