Zoezi la Vidole Vitano

Kinanda kilikuwa cha moto. Elieth alikiwekea kiganja, akakiondoa, akakirudisha tena. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka zahanati, mlango kaufungua mwenyewe, na betri ya sola ya kukiendesha kaiacha imezimwa tangu asubuhi. Tena chumba kizima kilinuka udi. Udi, nyumbani kwa Mhaya, mtu wa kwaya!

"Ni huyu huyu jirani, mama Nasra," akasema moyoni. Nani mwingine alikuwa na ufunguo wa akiba?

Elieth alikuwa nesi mkunga pale Mbuchi, mwanamke wa makamo, na kinanda alikianza ukubwani. Krismasi angepiga kanisani Kibiti, mbele ya wote waliomcheka. Mwalimu wake, Agapiti wa kwaya, alimtumia mafunzo kwa simu na sharti moja tu: "Zoezi lile lile, saa ile ile, kila siku. Usiruke." Elieth akachagua magharibi, kazi zikishaisha. Vidole vitano, kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, mpaka giza linaingia.

Jirani yake Sikudhani, ndiye huyo mama Nasra, alishamwambia: "Nesi, magharibi sisi tunaingiza watoto ndani. Si saa ya kupiga vitu hiyo." Elieth akayakumbuka hayo, akaguna. Wivu huo, mchana anakuja kukichezea, jioni anajifanya mshauri!

Akamnyang'anya ufunguo, hata salamu hakumpa. Kesho yake kinanda kilikuwa cha moto vilevile, na safari hii vibao vya kushoto vilikuwa vimelowa maji ya chumvi. Akavifuta. Akaketi kwa ubishi tu, akaanza zoezi lake, na mkono wa kushoto, ule mzito ambao Agapiti aliutania kuwa umelala, ukaamka, ukauacha wa kulia nyuma, ukapiga mdundo ambao hakufundishwa na mtu, mdundo wa ngoma, na kila alipotaka kuuinua, vidole vyake vilikandamizwa kwa juu na vidole vingine, vya baridi, asivyoviona, huku ule udi ukimpumulia shingoni.

Akapiga ukelele. Aliyekuja mbio alikuwa Sikudhani, yule yule aliyedhaniwa ubaya, akamkokota mpaka kwa shangazi yake Bi Tatu, mganga wa kupunga majini.

Bi Tatu alinong'ona. "Mwanangu, kila jini ana ngoma yake. Tukitaka aje, tunampigia hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, hatuchoki, mpaka aitike. Wewe ulikuwa unafanya nini kila magharibi?"

"Mazoezi, bibi."

"Ulikuwa unamwita. Haya, kaja." Akamfukiza, akamfunga kitambaa cheupe mkononi. "Usilipige tena zoezi hilo mpaka nikuruhusu. Ukimwita tena hatataka kinanda. Atataka mtu."

Elieth akakifungia kinanda sandukuni. Lakini Krismasi ilikuwa inasogea, jamani, na aibu ya kushindwa mbele ya wale watu ilimkereketa. Basi akawa, kila akiwa zamu ya jioni, anafanya zoezi juu ya meza ya zahanati, vidole vitupu. Bila sauti, ubaya uko wapi? Udi haukunuka, akaamini yamekwisha.

Jioni moja akaletwa Nasra, binti wa Sikudhani, mimba ya kwanza, uchungu umeanza. Sikudhani alisimama kichwani pa kitanda, keshasamehe yote. "Tuko mikononi mwako, nesi."

Adhana ya magharibi ilikuwa ndiyo inaisha. Elieth akaweka viganja tumboni kutafuta kichwa cha mtoto, na vidole vya kushoto vikaanza, vyenyewe, kupanda na kushuka, kupanda na kushuka.

"Nesi, unafanya nini?" Nasra akanong'ona.

Elieth akaushika mkono ule kwa wa kulia, akaung'oa, akaubana kwapani. Tumbo likatulia. Kisha kutoka ndani kitu kikagonga, ngozi ikiinuka, kidole kimoja kimoja, vyote vitano, kupanda na kushuka.

"Anacheza huyo!" Sikudhani akacheka kwa furaha. Halafu akainua pua. "Nesi, nani kachoma udi humu?"