Mgawanyiko wa Pili

Mwaka 1993 Loveness alikuwa darasa la sita, akiishi na mama yake katika chumba kimoja Mbagala. Kila siku alipotoka shule alichota maji ndoo nne kwenye bomba la jirani, kisha akaketi kizingitini kumnakilia mama yake daftari la masomo.

Mama yake, Kokushubila, alisafisha wodi za hospitali tangu alfajiri, na akitoka huko alikwenda moja kwa moja kwenye masomo ya jioni. Alitaka kusomea uuguzi, lakini Biolojia ilikuwa imemshinda mara mbili. Vitabu havikupatikana, hivyo aliazima daftari la mwanafunzi mwenzake, Mwanabaraka. Loveness, mwenye mwandiko mzuri, ndiye aliyelinakili. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza. Aliandika herufi kwa herufi bila kuelewa.

Ijumaa moja mgongo ulimuuma. Zilibaki kurasa mbili za michoro: maduara yenye nyuzi ndani, yakijikata katikati. Alichora ukurasa wa kwanza. Alipofunua wa pili, akaona maduara yaleyale, tena mengi zaidi.

"Haya si nimeshayachora?" akajisemea, akafunga daftari.

Mama aliporudi, miguu imemvimba, aliuliza, "Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza, mama."

"Mungu akubariki." Kesho yake mama alilirudisha daftari kwa mwenyewe.

Jumapili, walipotoka kanisani, mama alichambua mchele huku akikariri kwa sauti ya uchovu. "Seli ina kromosomu arobaini na sita. Ikitengeneza seli za uzazi, inajigawa, zinapatikana mbili. Basi. Kesho kwenye mtihani hili likija, silikosi."

Loveness akamgeukia. Alikumbuka ukurasa aliouacha.

"Mama, mwishoni kulikuwa na maduara manne."

"Manne? Mbona kwangu ni mawili?"

"Nilichoka. Ukurasa mmoja niliuacha. Nilikudanganya."

Mama aliweka ungo chini. Loveness alingoja kofi. Mama alifumba macho, midomo ikicheza kwa sala, kisha akajitanda kanga. "Twende."

Walimkuta Mwanabaraka barazani kwake akisuka mkeka.

"Shikamoo, mama," Loveness akaamkia, na mama yake akaliomba tena daftari.

"Marahaba. He, Mhaya wewe! Daftari unaliazima mara mbili kama chumvi?"

"Shoga, nimechoka hata kucheka. Binti kaacha ukurasa mmoja, nimekosa nusu ya ule mgawanyiko wa seli, meiosisi."

"Nusu! Kaeni hapa."

Mwanabaraka alichukua chane nne za ukindu wa kusukia mkeka: mbili nyekundu akazifunga pamoja katikati, na mbili za kijani vilevile.

"Tuchukue jozi moja tu kati ya ishirini na tatu: nyekundu ni kromosomu iliyotoka kwa baba, kijani kwa mama. Kwanza kila moja inanakiliwa nzima, hairukwi hata sehemu. Ndiyo maana ziko mbilimbili. Mgawanyiko wa kwanza, jozi inaachana." Nyekundu akaziweka kulia, kijani kushoto. "Seli mbili. Hapa ndipo binti yetu alipolala."

Loveness akainamisha kichwa.

"Inua uso uone. Kila upande bado zimefungana. Mgawanyiko wa pili, fungua wewe."

Loveness alifungua mafundo, akaweka kila chane mahali pake. Zikawa sehemu nne.

"Seli nne, kila moja na kromosomu ishirini na tatu," Mwanabaraka akasema. "Kwa mwanamume zote huwa mbegu, kwa mwanamke moja tu ndiyo huwa yai. Mbegu na yai vikikutana, ishirini na tatu za baba na ishirini na tatu za mama, mtoto anatimia arobaini na sita."

Mama alichora ukurasa ule mwenyewe, polepole, mpaka duara la nne.

Jumatatu mama alirudi kutoka kwenye mtihani, akaketi mkekani bila kuvua viatu.

"Swali lile lilikuja, mama?"

"Lilikuja. Mchoro mzima, na nimeuchora wote." Akamvuta Loveness karibu. "Sikiliza. Kuchoka si kosa, mie nachoka kila siku. Ukichoka, niambie umechoka, nitamalizia mwenyewe. Lakini ukisema 'nimemaliza', mwenzio analiegemea neno hilo. Jana ulisema kweli wakati tulipokuwa bado tunaweza kulirekebisha kosa. Kwa hilo nimemshukuru Mungu."

Akajinyoosha, akafumba macho. "Ndoo zimejaa zote?"

Loveness alitazama pembeni ya mlango. Miguu yake ilikuwa mizito.

"Bado moja, mama," akasema, akaichukua, akatoka.