Marehemu Aliyeandikia Watu Hamsini

Salesio Ireri alikutwa amelala kifudifudi juu ya meza ya kompyuta katika ofisi yake ya kupokelea wateja barua mjini Embu, fuvu limepasuka kama kibuyu. Meno yake mawili yalikuwa juu ya kibodi. Damu ilikuwa imetiririka hadi kwenye soketi ya simu ukutani.

Lakini kilichomtoa jasho Inspekta Nthiga si damu. Ni kwamba marehemu alikuwa bado anaandika barua.

"Afande, huyu mtu yuko mochari ama hayuko?" Abdiweli, msafirishaji wa miraa kutoka mji wa Maua, alifoka kwenye simu. "Asubuhi nimepata barua yake kwa kompyuta! Mimi, paroko, na watu hamsini!"

Nthiga alimwita Jedidah, mpiga chapa wa Salesio. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kilio.

"Ni virusi, afande. Mwaka huu wa tisini na tisa vimetuvamia kama nzige. Fungua barua moja yenye ugonjwa, mashine inaandikia watu hamsini unaowajua, kwa jina lako."

"Salesio alifanyaje?"

"Tangu Jumatatu alikuwa amechomoa waya wa simu unaopitisha barua. Akawaambia wateja hakuna kufungua kitu mpaka fundi atoke Nairobi."

"Basi nani ameurudisha?"

Jedidah aliuchomoa tena, akafungua orodha ya barua. Barua mia tatu zikajipanga kwenye kioo.

"Zenye wino mzito hazijasomwa. Ikisomwa, wino hukonda." Kidole chake kikasimama. "Hii moja imekonda."

"Ya nani?"

"Hinda wa London. Hununua miraa ya Mwenda wa Kangeta."

Kangeta, pikapu ya Mwenda ilisimama sokoni imejaa miraa iliyonyauka ndani ya majani ya mgomba. Watu waliichungulia kama jeneza. Miraa hutoka Kangeta mbio kama mwizi. Hakuna aliyewahi kuiona ikirudi.

"Mbona mzigo umerudi, Mwenda?"

"Pancha, mkubwa. Pale Karurumo."

"Basi ulifungua gurudumu kwa spana. Nionyeshe."

Mwenda akajibu kwa panga. Pigo la kwanza lilipasua mkono wa Koplo Karimi aliyefuatana na Nthiga, mfupa ukachungulia nje. La pili lilikata nguzo ya kibanda, paa likawafunika wachuuzi saba na mbuzi mmoja. La tatu halikufika: rungu la Nthiga lilimvunja kifundo cha mkono, kaaa! Inspekta akamkalia kifuani.

"Spana iko wapi?"

"Niliitupa Mto Rupingazi," Mwenda alikoroma.

"Kwa nini?"

"Mzigo ulikuwa unakufa, mkubwa! Bila oda ya Hinda ningeupeleka wapi? Nikamwomba Salesio afungue ile barua. Akasema ati si oda, ni ugonjwa umevaa jina la Hinda. Nikajua ameuza oda yangu kwa mwingine."

"Ukampiga kwa spana."

"Alikuwa ameshika waya. Nilimpiga mpaka akauachilia. Nikauchomeka, nikafungua barua ya Hinda ili nimjibu."

"Hinda alitaka magunia mangapi?"

Mwenda alifumba macho.

"Hakukuwa na oda. Upuuzi tu. Halafu mashine ikaanza kutuma barua yenyewe. Salesio, Salesio, Salesio, jina lake kila mstari, na yeye mwenyewe ameinamia pale, damu inamtoka."

"Kabla hujampiga, alikuomba nini?"

"Nilidhani ataniomba nisimuue. Alisema tu, 'Mwenda, usifungue.'"