Jagi la Maji la Baba

Tabea hakuwa na sweta lisilotoboka viwiko. Hakuwa na viatu vya shule wala begi. Madaftari yake aliyafunga kwa kamba ya katani. Hakuwa na kaka wala dada wa kumtangulia. Alichokuwa nacho ni mama, mdogo wake mchanga, na baba aliyempashia maji ya kunawa kila asubuhi, huku akiimba nyimbo za kwaya, kabla baridi ya kijiji chao cha Mahongole haijaachia.

Miaka ile soko huria lilikuwa bado jipya. Sukari na sabuni zilikuwa zimerudi madukani Makambako, na malori ya mbao yalipanga foleni hadi karibu na stesheni. Danieli, baba yake Tabea, alikuwa mpakiaji. Siku moja rundo la mbao likamporomokea ubavuni. Alipokojoa damu, wenzake walimkimbiza kwa lori lilelile hadi hospitali ya misheni huko Njombe. Mama alikuwa na kichanga, hivyo Tabea ndiye aliyekwenda kumuuguza.

Daktari alitaka kuziona figo upesi. Alieleza kwamba Danieli angedungwa dawa mshipani ili figo zionekane vizuri kwenye eksirei. Hakuficha wasiwasi wake: dawa hiyo hutoka mwilini kwa kupitia figo zenyewe, na kwa mtu aliyepoteza damu na kukaukiwa maji, huweza kuziumiza. Lakini bila picha wasingejua kama figo imepasuka.

Picha ilionyesha kwamba figo moja imechubuka tu. Nesi Germana akamkabidhi Tabea jagi.

"Sasa dawa ile lazima isafishwe itoke," alimwambia. "Anywe, ulijaze, anywe tena. Akikataa, uniambie. Usimfichie."

Mchana akaingia mjomba Anania kutoka Kifanya, ameficha kidumu cha ulanzi ndani ya koti.

"Shemeji, maji ya hapa yatakugandisha tumbo," alisema. "Haya nayo ni maji, ila yametoka kwenye mianzi."

Danieli alicheka huku ameshika mbavu, akanywa pombe ile. Mjomba alipoondoka, akamnong'oneza binti yake, "Mwaga jagi kwenye maua hapo nje, mama. Nesi akiuliza, sema nimekunywa."

Tabea hakuwahi kumkatalia baba yake jambo lolote. Alimwaga. Nesi alipouliza, akajibu kwamba amekunywa yote.

Kesho yake uso wa Danieli ulikuwa umevimba, na chupa ya mkojo ilikuwa karibu tupu. Nesi Germana aliiinua kwenye mwanga, akauliza maji yote yale yamekwenda wapi. Danieli alifumba macho, akajifanya amelala. Tabea aliutazama uso ule uliovimba.

"Sista, maji yamenywewa na maua," alisema. "Baba alikunywa ulanzi. Mimi nilikudanganya."

Daktari aliitwa. Walimpima damu, wakamtundikia dripu na kumwangalia kwa karibu. Danieli hakumsemesha binti yake siku nzima, naye Tabea alilia kimyakimya upande wa miguuni pa kitanda. Hata hivyo, jagi hakuliacha. Hatimaye chupa ikaanza kujaa, na uso wa baba ukarudi kuwa uso wa baba.

"Maua yangu yamestawi," nesi Germana alitania, "lakini safari hii nimefurahi zaidi kuiona chupa hii."

Danieli aliuchukua mkono wa Tabea. "Nilikufundisha kunitii, nikasahau kukufundisha kwamba hata baba hukosea. Anayekutibu akiuliza, mwambie kweli, hata kama ni mimi niliyekukataza. Ungenyamaza, nani angekuimbia asubuhi?"

Kisha akaomba karatasi. Tabea aliandika, baba akitamka: mama asihofu, figo zinafanya kazi, kosa lilikuwa la baba na si la mtoto, na mjomba Anania akija tena alete mahindi ya kuchoma.

Gundi hawakuwa nayo. Tabea alimega ugali kidogo uliobaki kwenye sahani, akaupaka kwenye bahasha, akaikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika. Akatoka mbio kwenda kumkabidhi kondakta wa basi la Makambako.