Kidonge Kabla ya Chai

Fundi cherehani alikuwa hodari, lakini kiungulia kilimnyima raha. Akiinama tu kupitisha uzi kwenye sindano, moto ulimpanda kutoka tumboni hadi kooni. Sare arobaini za watoto wa chekechea zilimngoja mezani. Shule ilikuwa inafunguliwa baada ya wiki tatu.

"Mke wangu, rudisha vitambaa vya watu," mumewe alimwambia. "Afya kwanza."

"Nikirudisha leo, kesho nani ataniletea kazi?"

Daktari alikuwa amempa vidonge vya mwezi mzima. Alikuwa amevimeza siku kumi, wapi! Hali ilikuwa ile ile. Jumamosi alikuja jirani yao, muuguzi, kuchukua gauni lake.

"Dada, dawa hii imeshindwa," fundi alilalamika. "Naitupa."

"Usitupe kwanza. Unaimeza wakati gani?"

"Nikishakula, moto ukianza. Si kama dawa ya kichwa? Kichwa kikiuma, unameza."

Muuguzi akavuta kiti, akaketi.

"Hapo ndipo ulipokosea, mdogo wangu. Ukuta wa tumbo umejengwa kwa seli, vitu hai vidogo visivyoonekana kwa macho. Baadhi ya seli hizo zina pampu za kutoa asidi, maji makali yanayokuunguza yakipanda kooni. Usipokula, pampu nyingi hukaa ndani ya seli, zimetulia. Ukianza kula, mwili huzipa habari. Zinasogea hadi kwenye utando wa seli, yaani ngozi yake ya nje, na kuanza kusukuma asidi. Chakula kikiisha, zinarudi ndani."

"Na dawa?"

"Dawa hii hufunga pampu zilizo kazini tu. Zilizotulia ndani haizigusi. Nayo huchukua muda kufika. Ukimeza baada ya kula, inakuta nyingi zimesharudi."

Mume akacheka. "Kumbe dawa ilikuwa inafika sokoni watu wameshafunga!"

"Hasa, shemeji! Sasa, asubuhi meza kidonge kwa maji. Usikitafune. Subiri nusu saa, ndipo unywe chai na kula. Ipe siku kadhaa. Lakini chakula kikikwama kooni, ukitapika damu, au ukipata choo cheusi, nenda hospitali siku hiyo hiyo."

Siku ya kwanza moto ulikuwepo, fundi akanung'unika. Siku ya nne ulipungua. Wiki ya pili aliketi kwenye cherehani tangu asubuhi hadi adhuhuri, ameinama, mguu haupumziki.

Sare zilikwisha siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Fundi alikwenda kwa muuguzi, akamshika mikono yote miwili.

"Dada, sijui nikushukuru vipi. Umenirudisha kitini kwangu."

"Asante ni yako, mdogo wangu. Ungenyamaza, ningejuaje?"

Aliporudi, mumewe alikuwa mlangoni.

"Haya, tumbo linasemaje leo?"

Fundi akasimama, akafikiri kidogo.

"Unajua, nimesahau kama ninalo!"