Dada wa Njiani

Shanta lilianguka katika mto Kagera, likazama. Ndani yake mlikuwa na chakula chote, blanketi, mwavuli, na raba za Placidia alizozivua ili zisilowane. Aliyeliweka ukingoni mwa mtumbwi ni Gosbert.

"Nilikwambia ulishike," Placidia alisema walipofika ng'ambo, upande wa Uganda.

"Nililishika."

"Kwa macho?"

Ilikuwa mwaka 1991. Mahujaji wenzao walikuwa wamevuka kwa mtumbwi wa kwanza na tayari walikuwa mbali, wanakwenda Namugongo kwa miguu, kwenye sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Gosbert hakuwa hata Mkatoliki. Alikuwa Mlutheri, fundi wa redio hapo Kayanga, mwimba besi kwenye kwaya ya usharika. Alikwenda kwa sababu Placidia anakwenda.

Walikutana sokoni Kayanga msimu wa senene, wale panzi wa kukaanga. Fungu la mwisho lilibaki, wote wawili wakalidaka.

"Nimeshika mimi kwanza," alisema Gosbert.

"Wewe umeshika majani. Senene ninao mimi."

Alivaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, sindano mbili zimechomekwa begani. Gosbert alimtazama akasahau senene. Wakagawana. Tangu hapo wakapendana kwa kificho, maana baba yake Placidia, mzee Kaijage, alikuwa katekista, na Gosbert alimwogopa. Alikuwa akipiga simu kwenye duka alikoshonea Placidia, akijifanya mteja.

"Suruali yangu tayari?"

"Bado, mpenzi mteja. Njoo upimwe tena kiuno."

Kila mwezi Gosbert aliahidi kwenda kwa mzee kuposa. Kila mwezi ulipita.

Sasa, hapo ng'ambo ya mto, Gosbert alivua viatu vyake vya ngozi, saizi tisa, akavijaza majani makavu ya mgomba, akamvalisha Placidia. Yeye akatembea peku. Placidia alikwenda kama bata, akicheka.

"Nikifika mbinguni na viatu hivi, Mtakatifu Petro ataniuliza nimemwibia nani."

"Mwambie umepewa na anayekupenda."

"Nitamwambia. Wewe huwa humwambii mtu."

Mvua ikawanyeshea hadi kwenye boma la mfugaji mmoja, mzee Telesfori. Walimwamkia kwa Kinyambo, naye akaitikia kwa Kinyankole. Lugha hizo ni ndugu, wakaelewana. Wakapewa moto na maziwa.

"Huyu binti ni nani wako?" mzee aliuliza.

"Dada yangu," alisema Gosbert.

Placidia aligeuza shingo polepole, akamtazama. Kisha akanywa maziwa yake.

Mzee Telesfori akafurahi. Akamwita mwanawe, Egbert, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi na meno mazuri. Egbert akasalimia, akakaa karibu na Placidia kuliko ilivyohitajika.

"Nimekuwa nikitafuta binti wa kabila la karibu," mzee alimwambia Gosbert. "Wewe ndiye kaka. Natoa ng'ombe sita."

Gosbert alimwangalia Placidia. Placidia aliinamisha macho kwa adabu kubwa.

"Kaka, mjibu mzee. Mimi nitasema nini mbele yako?"

"Sita ni wachache," alisema Gosbert, akidhani ameponea hapo.

"Basi nane."

"Baba yetu ni Mkatoliki mkali."

"Hata sisi ni Wakatoliki."

"Asante Mungu, kaka," alisema Placidia. "Maana siku hizi Walutheri ni wengi."

Egbert akauliza kama anajua kukamua. Placidia akasema atajifunza. Aliposema hivyo sauti yake haikuwa na utani tena, na Gosbert aliisikia. Alielewa kwamba akinyamaza usiku huo, hata wakirudi Kayanga hatakuwa naye.

Akasimama, miguu imevimba, matope hadi magotini.

"Mzee, si dada yangu. Ni mchumba wangu. Nimekudanganya."

Mzee Telesfori akakichukua kibuyu cha maziwa, akakiweka nyuma yake.

"Umekunywa maziwa yangu na uongo mdomoni."

"Nisamehe."

"Baba yake anajua?"

"Hajui," Placidia alijibu kabla yake. "Mimi ni dada hapa. Kayanga mimi ni suruali."

"Kesho mtakwenda Mbarara posta," mzee alisema. "Utampigia baba yake. Egbert atakuwepo asikie. Usipopiga, ng'ombe wangu wako palepale."

Kesho yake, simu ya parokia kule Kayanga ilipokelewa na mzee Kaijage mwenyewe. Laini ilikuwa mbovu; ilibidi Gosbert apige kelele.

"Shikamoo baba! Ni Gosbert!"

"Gosbert yupi?"

"Fundi redio!"

"Redio yangu nimeshaipeleka Bukoba!"

"Si redio! Namtaka Placidia! Nataka kumuoa!"

Foleni yote ya posta ikageuka. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Placidia alijifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika, haijulikani kama analia au anacheka.

"Wewe si Mlutheri?"

"Ndiyo baba!"

"Hapo pana la kuongea! Na mwanangu mzima?"

"Mzima! Hana viatu!"

"Mwambie na sisi tulitoa ng'ombe nane!" Egbert alipaza sauti kwa nyuma.

"Nimesikia nane," alisema Kaijage. "Usije kwangu na pungufu."

Nje ya posta Placidia akamshika mkono mbele za watu.

"Sema tena."

"Laini imekatika."

"Sema, mume wangu."

Akasema, bila kupiga kelele.

Safari ile iligharimu hivi. Shanta, blanketi, mwavuli, raba. Viatu vya ngozi vilivyopanuka visivalike tena. Namugongo, ambako hawakufika. Sikukuu iliwakuta wakirudi kwenda kwa Kaijage, wamekaa juu ya magunia kwenye lori. Ng'ombe wanane: wawili kabla ya harusi, wengine kidogo kidogo, wa mwisho akaingia zizini kwa Kaijage wakati mtoto wao wa kwanza anaanza kutembea. Nafasi ya Gosbert kwenye kwaya, maana alihama usharika akafunga ndoa kwa Wakatoliki. Na mama yake Gosbert, Mlutheri: alikuja harusini, akakaa nje ya kanisa hadi misa ilipokwisha, ndipo akaingia kwenye chakula.