Barua Arobaini na Moja za Dada

Barua pepe elfu tisa zilifutwa saa nne asubuhi. Saa nne na robo, arobaini na moja zikarudi.

Fundi wa kompyuta akazifuta tena. Zikarudi. Akang'oa waya wa mtandao, isije ikawa kuna kompyuta nyingine inayozirudisha, akafuta mara ya tatu. Zikarudi zilezile, zote kwenye kikasha cha mkurugenzi, zote hazijawahi kufunguliwa. Chumba cha seva kikaanza kunuka plastiki inayoungua, ingawa mitambo ilikuwa baridi.

"Wakaguzi wa usalama wanakuja kesho, wewe unaniletea hadithi?" mkurugenzi alifoka mlangoni. "Futa zote za zamani! Pawe peupe!"

Alipoondoka, fundi akatazama jina la mtumaji. Lilikuwa la dada yake.

Dada huyo alikuwa karani wa stoo ya mafaili. Mwaka juzi stoo iliungua naye akiwa ndani, na mkurugenzi huyuhuyu, bila haya, akasimama msibani akasema marehemu alisahau kuzima jiko la umeme. Kisha akampa fundi, mdogo wa marehemu, kazi hii, eti kuwapoza wafiwa. Tangu siku hiyo mama yao hainui uso mbele ya majirani. Fundi akazifungua moja moja. Kumbe! "Mkuu, shikamoo. Waya wa stoo unatoa moshi. Naomba fundi wa umeme." Mara arobaini na moja! Mwongo mkubwa we! Maiti hajitetei, ndiyo maana walimtwika lawama.

"Kaka," katibu muhtasi alinong'ona nyuma yake, "nani anakohoa nyuma ya kabati?"

"Hakuna mtu huko."

"Namsikia."

"Hata mimi. Wewe toka nje."

Mkurugenzi naye alipokisikia kikohozi, jasho likimtoka, akamleta mganga. Mganga akafukiza, akasoma, akakiamuru kilichomo kitoke, na kile kikohozi kikavu kikatoka nyuma ya kabati la seva, kikatambaa ukutani, kikapita katikati ya wafanyakazi waliojazana koridoni wameshikana mikono, harufu ya kuungua ikikifuata, mpaka kikafika aliposimama mkurugenzi, ambaye alijishika koo, akapiga magoti, akafungua kinywa apige kelele, na sauti iliyotoka ikawa ya mwanamke.

"Mkuu, shikamoo. Naandika kwa mara ya pili. Moshi umezidi."

Katibu muhtasi akaanza kulia. Waliomjua karani waliijua sauti ile.

"Kimempanda," mganga alinong'ona, akirudi nyuma. "Nikitoe?"

Macho ya mkurugenzi yalimwomba fundi, yamejaa machozi, huku kinywa kikiendelea na barua ya tatu.

Fundi alitoa simu yake, akapiga, akaisogeza karibu na ule mdomo.

"Mama, usikate," alisema. "Ni dada. Msikilize mpaka amalize."